Kujinasua kwa mshambuliaji

Kujinasua kwa mshambuliaji ni mwendo anaoufanya mchezaji asiye na mpira ili kujitenga na beki anayemkaba, hadi apate nafasi na muda wa kupokea pasi, kupiga krosi au kufunga goli. Katika mpira wa miguu mwendo huu hufanyika mara nyingi kuliko chenga, lakini watazamaji wengi hawauoni kwa sababu macho yao hufuata mpira. Mbinu zinazofanana nao hutumika pia katika netiboli, mpira wa kikapu na hasa futiboli ya Marekani, ambako wapo wachezaji ambao kazi yao kubwa ni hiyo.

Mshambuliaji anayejinasua si lazima awe na mbio kuliko beki. Anachohitaji ni kuanza kabla ya beki, kwenda mahali ambapo beki hakupatarajia, na kufika wakati uleule mpira unapofika.

## Majina ya mbinu hii

Katika lugha ya viwanjani na ya watangazaji wa redio, tendo hili lina majina mengi: *kumtoroka beki*, *kumpoteza beki*, *kuchomoka*, *kujiweka huru* na *kutafuta nafasi*. Maneno haya hayana maana ileile kila mara. *Kuchomoka* hutumika zaidi kwa mbio za ghafla kuelekea goli, na *kutafuta nafasi* hujumuisha hata hatua mbili tatu za polepole ambazo kiungo huzipiga ili aonekane na mwenzake.

Kujinasua ni tofauti na *chenga*. Anayepiga chenga ana mpira mguuni na beki yuko mbele yake. Anayejinasua hana mpira bado. Anashindana na beki juu ya mahali ambapo mpira utafika.

## Umuhimu wake

Mchezo wa dakika 90 una wachezaji 22 na mpira mmoja. Ukiondoa muda ambao mpira uko nje au mchezo umesimama, mara nyingi hubaki dakika zisizozidi 60 za mpira kuchezwa. Dakika 60 zikigawanywa kwa wachezaji 22, kila mmoja hupata chini ya dakika 3. Kwa hiyo mchezaji hutumia karibu mchezo mzima akiwa hana mpira, na anachofanya katika muda huo ndicho kinachoamua kama mpira utamfikia.

Jambo hili huwaumiza vijana wengi. Mchezaji anayejua kuuchezea mpira lakini asiyejua kujinasua huweza kumaliza mchezo mzima bila kugusa mpira ndani ya eneo la hatari, na mtu aliyekuja kutafuta vipaji akaondoka bila kumwona. Mwingine mwenye ufundi mdogo lakini anayejua wapi pa kusimama na lini pa kukimbia hufunga magoli ambayo watu huyaita "ya bahati".

## Hesabu ya nafasi na muda

Mtu anapoona jambo la ghafla, hupita takriban sekunde 0.2 kabla mwili wake haujaanza kuitikia. Mshambuliaji hana kuchelewa huku, kwa sababu yeye ndiye anayeamua lini aondoke. Beki husubiri aone ndipo aitikie. Faida ya mshambuliaji huanzia hapo.

Tuchukulie kwamba mshambuliaji na beki wana mbio sawa kabisa, mita 7 kwa sekunde wanapokuwa wamekolea mwendo. Beki akichelewa kuondoka kwa sekunde 0.3, wote wawili wakishafikia kasi hiyo kutakuwa na pengo la mita 2.1 kati yao (7 × 0.3). Beki akiwa ameegemea upande mwingine, itambidi kwanza asimame, ageuze nyonga, kisha aanze kukimbia. Kuchelewa kukifika sekunde 0.5, pengo linakuwa mita 3.5, ingawa hakuna aliyemzidi mwenzake mbio.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwamba pengo halidumu. Mshambuliaji aliyepata mita 2.1 akisimama ili kuutuliza mpira, beki anayekuja kwa mita 7 kwa sekunde atamfikia baada ya sekunde 0.3 tu. Ndiyo maana makocha husisitiza mguso wa kwanza uusukume mpira mbele, au mpira upigwe bila kutulizwa. Kazi ya kujinasua huishia kwenye mguso huo. Ukiwa mbaya, mbio zote zilizotangulia zimepotea.

## Beki anakaba vipi

Namna ya kujinasua hutegemea namna mtu anavyokabwa. Kuna njia mbili kuu za kukaba, na timu nyingi huzichanganya.

* Kukaba mtu kwa mtu: kila beki hupewa mshambuliaji wake na kumfuata anakokwenda. Udhaifu wake ni kwamba mshambuliaji anaweza kumvuta beki nje ya eneo lake na kuacha pengo ambalo mchezaji mwingine atalitumia.
* Kukaba eneo: kila beki hulinda sehemu yake ya uwanja na kumkabidhi mwenzake mshambuliaji anayetoka nje ya sehemu hiyo. Udhaifu wake uko mpakani. Mshambuliaji anayesimama katikati ya mabeki wawili huwafanya wote wawili wadhani kwamba mwenzake ndiye anayemtazama.

Katika njia zote mbili beki anatakiwa kuona vitu viwili, mpira na mtu wake. Vitu hivyo vikiwa pande mbili tofauti, hawezi kuvitazama kwa wakati mmoja. Mbinu nyingi zilizoelezwa hapa chini hutumia udhaifu huo.

## Mbinu kuu

### Kubadili mwendo

Mshambuliaji hutembea au kukimbia polepole hadi beki azoee mwendo huo, kisha huchomoka kwa nguvu zote. Anayekimbia kwa kasi ileile dakika zote ni rahisi kukabwa, hata kama ana mbio sana, kwa sababu beki anajua atakuwa wapi sekunde ijayo. Hatua tatu za kwanza ndizo muhimu zaidi. Pengo likipatikana hapo, hatua zinazofuata hulilinda tu.

### Kwenda upande mmoja ili kutoka upande mwingine

Hii ndiyo mbinu inayofundishwa kwanza. Mshambuliaji anayetaka mpira miguuni hukimbia kwanza kuelekea goli kwa hatua mbili au tatu. Beki akirudi nyuma, mshambuliaji husimama ghafla na kurudi kuupokea. Anayetaka mpira nyuma ya beki hufanya kinyume chake: huja kuupokea, beki akimfuata hugeuka na kukimbilia nafasi iliyoachwa.

Mbinu hii hufaulu pale tu hatua za kwanza zinapofanana na za kweli. Mchezaji anayetikisa mabega tu bila kuhama hamlazimishi beki kuhamisha uzito wa mwili wake.

### Kukaa mgongoni kwa beki

Mshambuliaji akisimama mbele ya macho ya beki, beki anauona mpira na anamwona yeye. Akirudi hatua moja au mbili nyuma ya bega la beki, huyu hulazimika kugeuza kichwa kila mara. Mshambuliaji husubiri wakati ambao beki ameugeukia mpira, ndipo huondoka. Washambuliaji wengi wa kati hupendelea kusimama mgongoni kwa beki aliye mbali na mpira, kwa kuwa huyo ndiye anayevutwa zaidi kuutazama mpira.

### Kukata mbele

Krosi inapokuja, mshambuliaji hujifanya anakwenda mlingoti wa mbali. Beki akimfuata, hukata kwa ghafla mbele yake kuelekea mlingoti wa karibu. Mguso mdogo wa kichwa au wa mguu hutosha kubadili njia ya mpira, na kipa hupata muda mfupi mno wa kuitikia. Mbinu hii inaweza kugeuzwa pia, mshambuliaji akaanza mbele kisha akarudi nyuma ya beki.

### Kubaki nyuma

Mabeki wanaporudi mbio kuelekea goli lao, si rahisi wasimame. Mshambuliaji anayepunguza mwendo huku wao wakiendelea hubaki peke yake karibu na alama ya penalti, mita 11 kutoka golini. Winga aliyefika mwisho wa uwanja humrudishia mpira hapo. Magoli ya namna hii huonekana rahisi kwa sababu mfungaji hakukimbia popote. Alisimama wakati wengine wote wanakimbia.

### Kusaidiana

Mshambuliaji mmoja anaweza kukimbia akijua kabisa kwamba hatapewa mpira. Mbio zake humvuta beki na kufungua nafasi kwa mwingine. Wawili wanaweza pia kupishana: mmoja anakuja kuupokea, wa pili anakwenda nyuma, na mabeki wanatakiwa kuamua papo hapo nani amfuate nani. Mabeki wasiozungumza wao kwa wao huteseka zaidi na mbinu hii.

## Sheria ya kuotea

Kujinasua katika mpira wa miguu kunabanwa na sheria ya kuotea, ambayo ni Sheria ya 11 ya mchezo. Mchezaji yuko mahali pa kuotea akiwa katika nusu ya wapinzani, na akiwa karibu na mstari wa goli lao kuliko mpira na pia kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kipa huhesabiwa miongoni mwa wapinzani hao. Mikono haihesabiwi. Anayelingana na mpinzani huyo wa pili hajaotea.

Kinachoangaliwa ni mahali alipo wakati mwenzake anapoupiga au kuugusa mpira. Mahali alipo anapoupokea hapahesabiwi. Kuwa mahali pa kuotea si kosa peke yake, hadi mchezaji ashiriki katika mchezo. Tena hakuna kosa la kuotea kwa anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona, mpira wa kurushwa au mpira wa goli.

Sheria hii imebadilika mara kadhaa, na kila badiliko limebadili namna ya kujinasua:

* Mwaka 1863, sheria za kwanza za chama cha Uingereza zilimhesabu kuwa ameotea mchezaji aliye mbele ya mpira, hivyo hapakuwa na maana ya kumtoroka beki kwenda mbele.
* Mwaka 1866 iliruhusiwa kuwa mbele ya mpira mradi wapinzani watatu wawe kati ya mchezaji na mstari wa goli.
* Mwaka 1907 mchezaji aliye katika nusu yake mwenyewe aliondolewa katika sheria hii.
* Mwaka 1925 idadi ya wapinzani ilipunguzwa kutoka watatu hadi wawili. Magoli yaliongezeka, na timu zikaanza kumrudisha nyuma mchezaji wa katikati ili awe beki wa tatu.
* Mwaka 1990 mchezaji anayelingana na mpinzani wa pili kutoka mwisho alihesabiwa kuwa hajaotea.

Kwa sababu ya sheria hii mabeki huweza kuweka *mtego wa kuotea*, yaani kupanda mbele kwa pamoja kabla tu ya pasi kupigwa. Mshambuliaji hujilinda kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukimbia kwa kuzunguka: hukimbia sambamba na mstari wa mabeki akimtazama mpigaji, kisha hukata kwenda mbele pasi inapoondoka. Akikimbia moja kwa moja kutoka kwenye mstari, kosa la nusu sekunde humwotesha; akikimbia sambamba, anaweza kungoja huku mwendo wake umekwisha kukolea. Njia ya pili ni kuanzia nyuma ya mstari, akawapita mabeki wakati wao wanapanda.

## Kupatana na mpiga pasi

Mbio nzuri bila pasi ni kazi bure. Tuchukulie pasi ya mita 30 inayosafiri kwa wastani wa mita 20 kwa sekunde. Itachukua sekunde 1.5. Katika muda huo mshambuliaji anayekimbia mita 6 kwa sekunde atakuwa amesogea mita 9. Mpigaji hawezi basi kuulenga mwili anaouona. Anaulenga uwanja mtupu ulio mita 9 mbele yake.

Ili wapatane, wawili hao hutumia dalili ndogo: macho kukutana, mkono kuonyesha upande, au kichwa cha mpigaji kuinuka baada ya kuutuliza mpira. Mshambuliaji anayeondoka kabla mpigaji hajainua kichwa huotea au humaliza mbio zake mapema. Anayengoja hadi mpira upigwe amekwisha kuchelewa.

## Kona na mipira ya adhabu

Katika kona wachezaji wengi hubanana ndani ya eneo moja, na beki anaweza kumshika mshambuliaji kwa karibu. Kwa hiyo kujinasua hapo hutegemea zaidi msongamano. Washambuliaji husimama kwa pamoja kisha hutawanyika pande tofauti mpigaji anapoinua mkono, au mmoja husimama katika njia ya beki ili mwenzake apite. Kusimama mahali ulipo si kosa. Kuhama ili kumzuia mpinzani asipite, wakati mpira haupo hapo, ni kosa.

Kumshika au kumvuta jezi mpinzani ni kosa linaloadhibiwa kwa mpira wa adhabu wa moja kwa moja, na beki akilifanya ndani ya eneo la penalti mpira ukiwa mchezoni, ni penalti. Mshambuliaji naye hapaswi kumsukuma beki ili apate nafasi. Goli linalofuata hukataliwa.

## Mifano kutoka Afrika Mashariki

Mbwana Samatta, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, alichezea Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi, na mwaka 2016 akajiunga na Genk ya Ubelgiji. Tarehe 5 Novemba 2019 aliifungia Genk kwa kichwa kutokana na kona dhidi ya Liverpool katika uwanja wa Anfield, ingawa Liverpool ilishinda 2–1. Mwaka 2020 akiwa Aston Villa alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi mwaka huohuo, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City huko Wembley, alifunga kwa kichwa cha kujirusha mbele. Villa ilifungwa 2–1. Magoli haya ya kichwa yanaonyesha kwamba kazi ya mshambuliaji huanza kabla mpira haujapaa.

Simon Msuva amefunga magoli muhimu ya Taifa Stars akiwa karibu na goli. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri, Tanzania ilipocheza na Kenya tarehe 27 Juni, Msuva alifunga mapema baada ya kipa kuutema mkwaju wa Samatta. Kufuata mpira unaotemwa na kipa ni kujinasua pia, kwa kuwa mabeki husimama kuutazama mkwaju wakati mshambuliaji anaendelea kukimbia. Kenya ilishinda mchezo huo 3–2. Tarehe 21 Januari 2024, katika mashindano yaliyofanyika Ivory Coast, Msuva aliifunga Zambia dakika ya 11 kwa pasi ya Samatta. Tanzania ilikuwa karibu kushinda, lakini dakika ya 88 Patson Daka alisawazisha kwa kichwa kutokana na kona ya Clatous Chama, mchezaji aliyejulikana sana Tanzania kwa miaka yake Simba. Mchezo uliisha 1–1. Zambia ilikuwa na wachezaji 10 tangu kipindi cha kwanza. Upungufu huo haukuwazuia kumpata mtu mmoja aliye huru ndani ya eneo la hatari.

Michael Olunga wa Kenya alifunga magoli mawili katika mchezo huo wa 2019. Tarehe 24 Novemba 2019, akiwa na Kashiwa Reysol ya Japani, alifunga magoli 8 katika mchezo mmoja dhidi ya Kyoto Sanga ulioisha 13–1. Mwaka 2020 alifunga magoli 28 katika ligi kuu ya Japani na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Olunga ni mrefu, na beki anayemhofia kwa mipira ya juu hulazimika kumkaribia, jambo linaloacha nafasi nyuma.

Uganda iliishinda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2–0 tarehe 22 Juni 2019 kwa magoli mawili ya kichwa. Patrick Kaddu alifunga kutokana na kona, na Emmanuel Okwi kutokana na mpira wa adhabu. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika fainali hizo tangu 1978.

Fiston Mayele, Mkongo aliyechezea Yanga kuanzia 2021 hadi 2023, alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2022–23, ambao Yanga ilifika fainali na kulikosa kombe kwa kanuni ya magoli ya ugenini dhidi ya USM Alger.

## Katika futiboli ya Marekani

Futiboli ya Marekani ni mchezo tofauti na mpira wa miguu. Mpira hurushwa na kushikwa kwa mikono. Humo kujinasua ni kazi maalumu. Mchezaji anayeitwa kotabeki huurusha mpira, *wapokeaji* hukimbia kuudaka, na *mabeki wa nyuma* huwazuia. Kurusha mpira mbele kuliruhusiwa mwaka 1906.

Tofauti kubwa ni kwamba mchezo husimama baada ya kila shambulio, na timu hupanga upya. Kila mpokeaji huambiwa njia atakayopita: mathalani akimbie mita 10 mbele kisha akate ndani, au asimame na kugeuka. Kotabeki huurusha mpira kuelekea mahali walipokubaliana, mara nyingi kabla mpokeaji hajageuka. Beki haijui njia hiyo, na mpokeaji hufanya hatua za mwanzo za njia zote zifanane ili asiijue mapema. Don Hutson wa Green Bay Packers, aliyecheza kuanzia 1935 hadi 1945, anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa njia nyingi zinazotumika hadi leo.

Katika ligi kuu ya Marekani beki anaruhusiwa kumgusa na kumsukuma mpokeaji ndani ya yadi 5 tu (kama mita 4.6) kutoka mstari wa kuanzia, kanuni hiyo iliwekwa mwaka 1978. Kwa hiyo mpokeaji hushindana kwanza kwa mikono ili apite, ndipo ashindane kwa miguu. Hakuna kuotea kwa namna ya mpira wa miguu: mpokeaji anaweza kukimbia nyuma ya mabeki wote wakati wowote baada ya mchezo kuanza.

Mmoja wa wapokeaji mashuhuri ana jina la Kiswahili: Amani Toomer, Mmarekani aliyeichezea New York Giants kuanzia 1996 hadi 2008 na kutwaa ubingwa wa Super Bowl mwezi Februari 2008. Alisifika kwa kudaka mpira ukingoni mwa uwanja huku akiburuza vidole vya miguu ndani ya mstari, kwa kuwa katika ligi hiyo lazima miguu yote miwili iguse ndani.

Mchezo huu umewahi kuchezwa Tanzania. Tarehe 21 Mei 2011, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Chuo Kikuu cha Drake cha Marekani kilicheza na timu ya nyota wa vyuo vya Meksiko katika mchezo ulioitwa Kilimanjaro Bowl. Drake ilishinda 17–7.

## Katika netiboli

Katika netiboli mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira, na lazima autoe ndani ya sekunde 3. Mwenye mpira hawezi basi kumpita mtu kwa kukimbia nao. Timu husogea mbele kwa wachezaji wasio na mpira kujinasua mmoja baada ya mwingine. Kwa sababu hiyo netiboli ni shule nzuri ya mbinu hii.

## Kufundisha na kufanya mazoezi

Mazoezi ya kujinasua hayahitaji vifaa vingi. Zoezi la kawaida hutumia mraba wa mita 10 kwa 10 wenye mshambuliaji, beki, na mpiga pasi aliye nje. Mshambuliaji hupata alama moja kila anapoupokea mpira bila kuguswa na beki, na baada ya dakika 1 hubadilishana. Zoezi jingine ni la kutazama: mwanafunzi humfuata kwa macho mshambuliaji mmoja kwa dakika 10 za mchezo bila kuutazama mpira, kisha hueleza alihama mara ngapi na kwa nini.

Mazingira hubadili mbinu. Katika Rugera na maeneo mengine ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, vijana wengi hujifunzia mpira kwenye viwanja vya shule na vya vijiji, katika nchi ya vilima inayopata mvua kwa misimu miwili kwa mwaka. Uwanja ukilowa, anayegeuka ghafla huteleza. Hilo humpa faida anayejua atageukia wapi, kwa sababu hufupisha hatua zake kabla ya kugeuka, wakati beki anayeshtuliwa hugeuka akiwa na hatua ndefu. Penye mteremko, pasi ya kuelekea chini hukimbia mbali, na mshambuliaji huchelewa kidogo kuondoka kuliko kwenye uwanja tambarare. Mambo ni mengine kabisa kwenye nyasi bandia za Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, ambao umetumiwa na Kagera Sugar. Huko mpira husafiri kwa mwendo unaotabirika zaidi.

Katika michezo ya vijijini isiyo na waamuzi wasaidizi, mwamuzi mmoja aliye katikati huona mstari wa mabeki kwa mshazari. Mshambuliaji anayeondoka akiwa sawa kabisa na beki anaweza kupulizwa kuwa ameotea hata kama hakuotea. Kwa hiyo ni salama zaidi kuanzia hatua moja nyuma ya beki na kutegemea mwendo uliokolea. Vijana wanaopanda hadi kwenye mashindano ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, hukutana na mabeki waliozoea viwanja tofauti, na tabia ya kuinua kichwa na kuutazama mstari huwafaa popote.

## Majeraha

Kusimama na kugeuka ghafla huutesa mwili, hasa goti. Kano ya ndani ya goti inaweza kukatika bila mtu kuguswa na mpinzani, mguu unapokita chini huku goti likipinda kwenda ndani. Wanawake na wasichana huumia kwa namna hii zaidi kuliko wanaume wanaocheza michezo hiyohiyo. Hatari hupungua kwa kupasha mwili moto kabla ya mchezo, kuimarisha misuli ya paja na nyonga, na kujifunza kufupisha hatua na kukunja goti kabla ya kugeuka. Njumu zenye meno marefu kwenye uwanja mkavu hushika ardhi kupita kiasi na kuzidisha hatari. Mchezaji aliyesikia mlio gotini na kuvimba baada ya muda mfupi hapaswi kuendelea kucheza hadi achunguzwe hospitalini.

## Tazama pia

* Mpira wa miguu
* Sheria ya kuotea
* Mbwana Samatta
* Netiboli
* Futiboli ya Marekani
* Mkoa wa Kagera